Alhamisi za Firmin

Grenoble, 9 Januari 1994

Shangazi mpendwa,

Heri ya mwaka mpya, na nisamehe kwa kuchelewa. Ningepiga simu, lakini nakumbuka ulivyoniambia kwamba Bibi Fourmentin wa ghorofa ya chini anazisikia simu zako kuliko unavyozisikia wewe. Basi naandika.

Ni habari ya Baba. Tangu Mama atutoke nimekuwa nikimpigia siku yoyote nipendayo, na siku yoyote nimemkuta. Sasa kila Alhamisi simu inalia mpaka inachoka. Nilipomuuliza alisema, "Nilitoka kidogo kupunga hewa." Kupunga hewa! Boulogne, mwezi wa Desemba! Nikamwalika aje kwangu likizo ya Februari, akasema atakuja, mradi Alhamisi awe amesharudi. Halafu kuna hili la sweta. Ameniomba nimtumie sweta ya sufu kama zinavyofumwa huku milimani, nzito, ya buluu, saizi ndogo. Shangazi, kaka yako unamjua alivyo. Sweta ya saizi ndogo haivuki masikio yake.

Mimi si mtoto. Nina miaka thelathini na tisa na ninafundisha watoto wa wenzangu. Kama kuna mwanamke, sitalia. Nataka kujua tu: anaitwa nani, wa wapi, anacheka au hacheki. Ukimuuliza Baba moja kwa moja atajifunga kama kome. Nenda naye. Mwambie umechoka kukaa ndani.

Nakubusu,
Bénédicte

*

Boulogne-sur-Mer, 14 Januari

Mwanangu Bénédicte,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa kicheko. Na kwa kuwa nimeshatundika aproni, sina tena samaki wa kuuza wala wateja wa kutukanana nao, kazi uliyonipa nimeipokea kwa mikono miwili.

Jumatano nilipita kwake. Nikamwambia, "Kaka, nimechoka kutazamana na kuta. Kesho nipeleke popote." Nilitegemea atatapatapa. Akanitazama, akajikuna shingo, akasema, "Basi la saa tatu na nusu. Vaa viatu vya maana." Hakushtuka hata chembe. Hapo mimi ndiye niliyeshtuka.

Kituoni nilimkuta amejipaka manukato. Viatu vinang'aa. Mkononi kisanduku cha keki kimefungwa kwa utepe. Nikanyamaza, na wewe unajua kunyamaza kunavyonigharimu.

Tulishuka Wimereux. Vibanda vya ufukweni vimeshaondolewa, madirisha ya wenye nazo yamefungwa mpaka Pasaka, na njia yote ya pembeni mwa bahari ilikuwa yetu na ya mama mmoja na mbwa aliyevalishwa koti. Tulikwenda mwendo wa maharusi. Firmin alisimama penye kila kitu. Alisoma matangazo ya mwaka jana, akawatazama shakwe, akaniuliza kama nasikia baridi, na baada ya hatua kumi akaniuliza tena. Mara mbili alifungua mdomo kama mtu anayetaka kusema jambo, akaishia kusema upepo umegeuka.

Basi la pili likatufikisha Ambleteuse. Maji yalikuwa yameizunguka ngome ya kale ya ufukweni. Tulikula kome na chipsi, yeye akala na zangu. Nikamwambia, "Firmin, una jambo." Akasema, "Nina njaa."

Kutoka pale tulitembea kwa miguu hadi Audresselles. Mbingu ilikuwa imefunguka, Uingereza inaonekana ng'ambo ya maji, nyeupe kama kipande cha jibini kilichosahauliwa mezani. Firmin akasema, "Watazame wale, jua letu wanaliota bure." Kwa kweli, mwanangu, ilikuwa siku nzuri. Sijui mara ya mwisho lini nilitembea pasipo kuwa na pa kufika.

Sasa sikiliza. Audresselles akanikalisha kwenye mkahawa wa barabarani. "Pata joto hapa. Mimi nanyoosha miguu."

"Miguu yako imenyooka tangu saa tatu."

"Basi nainyoosha zaidi."

Akaondoka na kisanduku chake. Saa nzima na dakika ishirini! Nikamuuliza mwenye mkahawa, "Yule mzee mwenye keki huelekea wapi?"

"Yule wa Alhamisi? Hupita nyuma ya kanisa, kwa mwenye punda."

"Huyo mwenye punda ni mwanamke au mwanamume?"

Akaendelea kufuta glasi. "Mimi nauza kahawa, mama. Siuzi majirani."

Firmin alirudi bila kisanduku, pua nyekundu, jani la nyasi kavu limemganda kwenye koti. Tulipokuwa kwenye basi nikalichomoa nikamwonyesha. Akasema, "Upepo."

Mwanamke mwenye punda! Alhamisi ijayo nitapanda basi la nyuma yake, na ukuta wa kujificha sitaukosa.

Shangazi yako,
Ghislaine

*

Grenoble, 18 Januari

Shangazi,

Mwanamke mdogo wa mwili, mwenye punda, mpenda keki. Nimeanza kumpenda kabla sijamwona. Uende, na uniandikie siku hiyo hiyo.

Wakati nangoja nilifungua sanduku la picha za Mama. Nimekuta ile ya harusi yao, 1953. Wewe una miaka ishirini na kofia yenye unyoya. Upande wako wa kushoto picha imekatwa kwa mkasi, taratibu, kwa kufuata mstari wa bega lako. Lakini aliyekata alisahau mkono. Vidole vinne viko begani kwako, vya kijana. Nyuma Mama ameandika majina ya wote, na moja limefutwa kwa wino mzito. Si la marehemu mumeo Roland, maana wakati huo hamkuwa mmejuana bado.

Mkono ule ni wa nani?

Bénédicte

*

Boulogne, 21 Januari

Bénédicte,

Nilikwenda. Hakuna mwanamke. Baba yako humtembelea mwanamume anayefuga punda, basi, wanaongea habari za punda. Liache jambo hili hapo lilipo.

Habari ya mkono sikumbuki. Picha za zamani zimejaa mikono.

Nina mafua, usinipigie.

Ghislaine

*

Boulogne, 31 Januari

Binti yangu,

Umeniuliza maswali saba kwenye ukurasa mmoja. Kalamu si kazi yangu, kazi yangu ilikuwa kutundika samaki kwenye moshi. Lakini unasema shangazi yako hakujibu barua, na kwamba hii si tabia yake. Ni kweli, si tabia yake. Mimi pia hanifungulii mlango. Basi nitakwambia, na nilipaswa kukwambia zamani.

Mkono ule ni wa baba yako mdogo. Anaitwa Achille. Siku ya harusi yangu alikuwa na miaka kumi na mitano, na Ghislaine ndiye aliyemlea, maana mama yetu alikuwa mgonjwa wa siku zote. Walikuwa chanda na pete.

Mwaka 1956 Roland aliitwa tena jeshini kwenda vitani Aljeria. Walikuwa wameoana mwaka mmoja. Aliondoka Mei, Novemba akarudishwa ndani ya sanduku. Miaka mitatu baadaye zamu ikamfika Achille. Hakwenda. Alivuka mpaka kuingia Ubelgiji kwa baiskeli, na nguo zake za kazi mwilini. Lakini kabla ya kuondoka alipita gatini, kwenye meza ya samaki ya Ghislaine, kumuaga. Ghislaine akasema mbele ya soko zima, "Wangu alikwenda! Nenda zako, mwoga, na ukifa ufie mbali." Jioni ile babu yako akachukua mkasi.

Mimi nilikuwepo nimebeba kreti ya barafu, na sikusema kitu. Hilo ni kosa langu, na nimeishi nalo miaka thelathini na mitano.

Baadaye serikali iliwasamehe watu kama yeye. Lakini serikali haimwekei mtu sahani mezani siku ya Jumapili. Sahani ilikuwa kwa Ghislaine, na jina la Achille halikutajwa nyumbani mwake. Mama yako ndiye aliyekuwa akimwandikia kwa siri kila mwaka mpya. Septemba iliyopita, baada ya kufiwa na mkewe huko Ubelgiji, alikuja kupanga nyumba nyuma ya kanisa la Audresselles, na punda wanne wa kupakia watoto ufukweni wakati wa kiangazi. Ni mwembamba vile vile kama zamani na zizini kuna baridi. Sweta ni yake.

Ile Alhamisi ya kwanza nilimpeleka Ghislaine kwa makusudi. Nilikwenda polepole, kituo hadi kituo, natafuta neno la kuanzia. Wimereux sikulipata. Ambleteuse nilikula badala ya kusema. Audresselles nikaingiwa na woga, nikamwacha mkahawani kama mwavuli. Alhamisi ya pili akanifuata kisirisiri. Niliiona skafu yake ya kijani juu ya ukuta. Achille naye aliiona. Akasema, "Amezeeka." Nikamwambia, "Na wewe pia." Tulipogeuka tena, skafu haikuwepo.

Sasa unajua yote ninayojua.

Baba

*

Boulogne, 11 Februari

Mwanangu,

Barua zako tatu ziko mezani, sikuzijibu. Umeandika kwamba ulikuwa na baba mdogo miaka yote hii na kwamba mimi ndiye niliyekunyima. Kweli. Sina la kujitetea.

Lakini tangu nilipomchungulia Achille juu ya ule ukuta, kichwa kimeota upara na shati limening'inia, kulikuwa na swali likinitafuna. Sikutaka kupatana. Wala sikutaka kugombana. Nilitaka kujua kitu kimoja tu, na yeye peke yake ndiye angeweza kunijibu. Basi jana nilisukuma karatasi chini ya mlango wa Firmin: LEO USIENDE. Nikapanda basi la saa tatu na nusu.

Wimereux nikashuka, ingawa sikuwa na la kufanya pale. Nilitembea mpaka mwisho wa njia, nikarudi, nikanywa kahawa ya mizizi ya chikori, nikaagiza ya pili. Ambleteuse nikashuka tena. Niliitazama ngome kama fundi aliyetumwa kuipima. Ndipo nilipoelewa kwa nini siku ile kaka yangu alikuwa akisimama penye kila kitu. Nilikuwa nimemcheka mtu ambaye alikuwa anatafuta ushujaa njiani, kituo kwa kituo. Kutoka pale nilikwenda kwa miguu. Kulikuwa na ukungu, Uingereza yote imefutika, na barafu kwenye madimbwi ya njia.

Nilimkuta zizini akimpiga brashi punda. Hakugeuka. Labda alinijua kwa viatu.

"Umekuja kununua punda?"

"Sina pa kumweka."

"Basi kaa." Akapindua ndoo, akaipangusa kwa mkono wa sweta yako. Inamkaa vizuri.

Nikakaa. Nikasema, "Nina swali moja, halafu niende."

"Uliza."

"Siku ile uliyokimbia. Uliogopa?"

Akaacha kupiga brashi. "Sana. Nilitapika mara mbili kabla ya mpaka. Niliogopa vita, niliogopa kukimbia, nilimwogopa Baba. Nilikuogopa wewe."

"Firmin anasema ulikuwa na msimamo. Kwamba hukutaka kuua."

"Msimamo ulikuja baadaye, nilipopata mahali pa kukaa nikafikiri. Siku ile nilikuwa na hofu tupu. Ulitaka jibu jingine?"

Bénédicte, miaka thelathini na mitano nimemwita mtu huyu mwoga, na sasa amekiri kwa kinywa chake. Nilidhani nitasikia raha. Badala yake nilianza kutetemeka, meno yanagongana, naye akadhani ni baridi, akanitupia blanketi la punda mabegani. Lilinuka vibaya. Nikamwambia lile ambalo sijamwambia padri wala mama yangu mzazi.

Asubuhi ile ya Mei, stesheni, Roland alinivuta pembeni, nyuma ya mizigo. Alikuwa amevaa sare yake ya zamani, imembana. Akasema, "Ghislaine, nisipande treni hii. Una shangazi yako Ypres, Ubelgiji. Twende kwake leo hii, wewe na mimi." Alikuwa mweupe kama karatasi. Nami nikasema, "Una wazimu? Watu watasema nini?" Nikamweka sawa kola. Nikamsukuma kidogo mgongoni, kwa kiganja, kama unavyomsukuma mtoto kuingia darasani. Akapanda.

Hivyo Achille aliposimama mbele ya meza yangu na baiskeli yake, ananiambia anakwenda kwa shangazi, Ypres, nilimwona anafanya kile kile Roland alichoniomba. Na kinawezekana! Kwa baiskeli tu! Ningemwacha aende kimya, ningekuwa nimekubali kwamba Roland naye angeweza kwenda.

Punda alitia mdomo kwenye mfuko wangu, akala mkate wangu wote, hakuna aliyemzuia.

"Sijui niseme nini," Achille akasema mwishoni.

"Usiseme."

"Kuna supu ya mboga za liki."

Tukala supu. Chumvi imezidi, mwanamume anayeishi peke yake. Alinisindikiza kituoni. Hakunikumbatia, wala mimi. Palipokuwa na barafu alinishika kiwiko, tulipopita barafu akakiachia. Nilipokuwa napanda basi swali jingine likanitoka bila kulipanga: "Achille, ni mimi niliyemuua?" Mlango ukafungwa. Dereva hakungoja jibu.

Nimechoka. Firmin amesimama nje ya mlango wangu tangu saa mbili asubuhi na kofia mkononi. Nakwenda kumfungulia.

Ghislaine

*

Audresselles, 14 Februari

Dada Ghislaine,

Uliniuliza jambo na basi likaondoka. Ningeweza kukujibu hapana siku ile ile, lakini ungedhani nakubembeleza, na wewe hukuwahi kupenda kubembelezwa. Nimefikiri siku nne.

Ulimsukuma, ndiyo. Lakini treni ile iliitwa na watu wazito kuliko wewe, wenye mihuri na saini, na hakuna hata mmoja wao aliyekuja zizini kuniuliza kama alimuua. Wewe ulikuwa na miaka ishirini na mitatu na uliogopa maneno ya watu. Mimi nilikuwa na ishirini na mmoja na niliogopa kufa. Sioni kwamba hofu yako ilikuwa mbaya zaidi ya yangu. Yangu ilipata bahati tu.

Maneno ya sokoni bado yananiuma. Nakwambia mwenyewe ili usije ukayasikia kwa Firmin. Sijayasamehe yote. Nimeanza.

Na mimi nina swali. Roland alikuwa mtu wa namna gani? Nilimjua mezani tu: alikula haraka, na kwenye karata aliniacha nishinde huku akijifanya amekasirika. Baada ya hapo akawa picha yenye utepe mweusi, na kila mtu akawa anazungumzia kifo chake. Nilipokuwa Ubelgiji nilijaribu kumkumbuka nikakuta sina kitu. Firmin hajui kusimulia, unamjua. Nieleze wewe. Ukipenda andika, ukipenda njoo.

Achille

*

Boulogne, 16 Februari

Mdogo wangu Achille,

Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi, na chai imepoa mara mbili. Walinipa nishani, walinipa pensheni, meya alinishika mkono kila mwaka mbele ya mnara wa mashujaa. Swali lako hakuna aliyewahi kuniuliza. Kesho kutwa itakuwa Ijumaa nami nitakuwa nimekwisha kukwambia mengi kwa mdomo, kwa sababu kesho nakuja, na Firmin, na keki, na kilo ya viazi, maana ile supu yako haikuwa na kitu cha kuishika. Barua hii huenda ikafika baada yangu. Naiandika hivyo hivyo, mkono usije ukakataa baadaye.

Basi. Roland hakujua kuimba. Hata kidogo. Sauti yake ilikuwa kama mlango wa ghala la barafu, na alikuwa akiimba tangu anapofumbua macho, maneno ameyakosea, huku anatafuta soksi. Jirani alikuwa akigonga ukuta, naye Roland anadhani anapigiwa mdundo.